Mwalimu wa Kiingereza Thailand: kabla ya kuhama shule, soma tarehe zako

Fungua pasipoti kwenye ukurasa wenye muhuri wa kuongezewa muda wa kukaa. Kuna tarehe ya mwisho pale, na walimu wengi huisoma kama mali yao: muhuri unasema Machi mwakani, basi nina nafasi mpaka Machi mwakani. Sivyo. Tarehe ile ni halali maadamu bado uko kwenye shule iliyokuombea. Siku kazi inapokwisha, ruhusa yako ya kukaa Thailand nayo inakwisha siku hiyo hiyo, hata kama muhuri umekuandikia miezi minane mbele. Waliowahi kufanya kazi Dubai au Abu Dhabi, ambako viza ikifutwa mtu hubakiwa na siku za kujipanga, hushikwa hapa.

Ushauri mwingi unaozunguka mtandaoni kuhusu jambo hili umeandikwa na Waingereza na Wamarekani kwa ajili ya wenzao. Wanasema: acha kazi, vuka mpaka, rudi bila viza, tafuta shule nyingine ukiwa ndani. Wao wanaweza, kwa sababu pasipoti zao zinaingia Thailand bila viza. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Uganda akivuka mpaka bila viza mpya mkononi, harudi. Kwa hiyo mwalimu wa kwetu anapohama shule hana budi kupanga tarehe zake kwa makini kuliko mwenzake wa Manchester anayefundisha darasa la jirani, na kwa kawaida anafanya hivyo akiwa na mshahara mdogo zaidi. Si haki, lakini ndivyo ilivyo, na ni afadhali kulijua hilo mwezi Januari kuliko tarehe 31 Machi saa tisa alasiri.

Mwalimu wa shule Thailand anashikilia karatasi tatu, na kila moja inatoka ofisi yake. Ya kwanza ni ruhusa ya kukaa, ambayo ni ya Uhamiaji. Ya pili ni kibali cha kazi, kinachotolewa na Idara ya Ajira chini ya Wizara ya Kazi. Ya tatu ni ruhusa ya kufundisha kutoka Khurusapha, yaani Baraza la Walimu la Thailand, lililopo kwa sheria ya mwaka 2003. Ofisi hizi hazipigiani simu kwa ajili yako. Lakini karatasi zote tatu zina jina la shule moja, na ndiyo maana ukiitoa shule hiyo, zote zinaanguka kwa pamoja.

Kibali cha kazi kinataja mwajiri, mahali pa kazi na aina ya kazi. Kwa miaka mingi kilikuwa kijitabu cha bluu, na tangu Oktoba 2025 maombi yamehamia kwenye mfumo wa mtandaoni. Ada yake haina utata: baht 100 za maombi, kisha 750 kwa miezi mitatu, 1,500 kwa miezi sita, au 3,000 kwa mwaka. Shule nzuri inalipa yenyewe. Isipolipa, uliza kabla ya kusaini, si baada.

Na viza ya Non-B, yaani viza ya kuingilia nchini kwa ajili ya kazi, ambayo watu huitaja kama ndiyo kila kitu, kazi yake ni fupi sana. Inakuingiza nchini na kukupa siku 90. Ndani ya siku hizo shule inapata kibali chako cha kazi, halafu mnakwenda Uhamiaji kwa fomu ya TM.7 na baht 1,900 kuongezewa muda mpaka mwisho wa mkataba, usiozidi mwaka mmoja. Kuanzia hapo hauishi tena kwa viza. Unaishi kwa nyongeza. Hilo ndilo linaloeleza kwa nini mtu akisafiri kwenda kwao likizoni bila kuchukua kibali cha kurudi (fomu ya TM.8, baht 1,000 kwa safari moja, 3,800 kwa safari nyingi) nyongeza yake inakufa anapogongewa muhuri wa kutoka. Viza iliyomwingiza ilishatumika zamani. Akifika Jomo Kenyatta au Entebbe kurudi, hana kitu.

Kwa hiyo unahamaje?

Anza na kalenda ya shule. Mwaka wa masomo katika shule nyingi za Thailand huanza katikati ya Mei, muhula wa kwanza huenda hadi mwisho wa Septemba au mwanzo wa Oktoba, wa pili huanza Novemba na kuishia Machi. Waajiri huwinda walimu kati ya Februari na Mei, na tena Oktoba. Mikataba mingi, hasa ya mawakala wanaopeleka walimu katika shule za serikali, ni ya miezi 10 au 11. Sasa piga hesabu: mkataba wa miezi 10 ulioanza Juni mosi unakwisha tarehe 31 Machi, na nyongeza yako inakwisha tarehe 31 Machi. Shule mpya inataka uanze tarehe 10 Mei. Hiyo Aprili nzima huna mshahara, huna kibali, na la hatari zaidi, huna ruhusa ya kukaa. Halafu katikati yake kuna Songkran, sikukuu ya mwaka mpya wa Kithai, tarehe 13 hadi 15 Aprili, ambapo ofisi zinafungwa na nchi nzima inamwagiana maji. Pengo hilo linawamaliza walimu wengi kuliko makosa mengine yote.

Dawa yake inatafutwa kwenye mazungumzo ya mkataba, si kwenye dirisha la Uhamiaji. Ukizungumza na shule mpya mwezi Februari, swali la kwanza liwe tarehe ya kuanza kwenye mkataba, kabla hata ya mshahara. Shule inayokutaka kweli inaweza kuandika mkataba unaoanza Aprili mosi, hata kama wanafunzi watarudi Mei. Mwezi huo utaandaa masomo au utafundisha kambi ya likizo. Wengine hukubali tarehe ya mapema kwa mshahara uliopunguzwa. Chukua. Mshahara nusu wa Aprili pamoja na karatasi zisizo na pengo ni bora kuliko ongezeko la mshahara la baht 5,000 kwa mwezi litakaloliwa lote na safari ya viza. Na kama mkataba wa zamani unaruhusu kusogezwa hadi Aprili 30, omba usogezwe.

Tarehe zikishakaa sawa, kuna njia mbili.

Ya kwanza ni kuhama ukiwa ndani ya nchi. Hii ndiyo ya kupigania. Inataka shule mpya iwe na kila kitu tayari siku ya mwisho ya shule ya zamani: mkataba uliosainiwa, barua ya shule kwenda Uhamiaji, barua ya shule kwenda Idara ya Ajira, nakala ya usajili wa shule, na mambo ya Khurusapha yakiwa yameshaingizwa. Kama ni shule binafsi, inahitajika pia barua ya ofisi ya elimu inayosimamia shule binafsi, na barua hiyo haitoki kwa siku moja. Siku yenyewe, kazi ya zamani inafutwa, ombi la kibali kipya linapokelewa, na Uhamiaji wanafuta nyongeza ya zamani na kupokea ombi la mpya bila siku kupotea katikati. Ofisi za mikoa hazifanani kwa mpangilio wanaoutaka. Nyingine zinataka kibali kipya kiwe kimeshatoka, nyingine zinakubali stakabadhi ya maombi. Kwa hiyo wiki tatu kabla, karani wa shule mpya, yule anayeshughulika na karatasi za wageni, aende mwenyewe kwenye ofisi ya Uhamiaji ya mkoa husika aulize wanataka nini na kwa mpangilio gani. Asipige simu. Aende, na aandike. Bangkok ni Chaeng Watthana, na pale ukifika saa nne asubuhi umeshachelewa.

Kama karani huyo hajui unazungumzia nini, au anakuambia "usijali, tutaona", shule hiyo haijawahi kumhamisha mwalimu akiwa ndani ya nchi. Si lazima iwe shule mbaya, ila hesabu njia ya pili tangu mapema.

Njia ya pili: siku ya mwisho ya kazi, siku ile ile na si kesho yake, unakwenda Uhamiaji na barua ya shule ya zamani, nyongeza inafutwa, na unaomba siku 7 za kujiandaa kuondoka kwa baht 1,900. Ndani ya siku hizo unatoka nchini na kuomba Non-B mpya kwa karatasi za shule mpya, ikiwemo barua ya Idara ya Ajira ya kukubali ombi la mwajiri, ambayo walimu bado wanaiita WP3. Tangu Januari 2025 viza za Thailand zinaombwa kwenye mfumo mmoja wa kielektroniki duniani kote, na mfumo huo unadai uwe ndani ya nchi unakoombea na uthibitishe kuwa upo. Huwezi kukaa Bangkok ukaomba kama uko Vientiane. Walimu hupenda Laos, yaani Vientiane au Savannakhet, na Penang kule Malaysia. Lakini kabla ya kukata tiketi angalia mambo mawili ambayo mwenzako Mwingereza hakuyataja: je, pasipoti yako inaingia nchi hiyo bila viza, na je, ubalozi wa Thailand ulioko huko unapokea maombi ya mtu asiye mkazi? Jibu likiwa hapana, inabaki kurudi nyumbani na kuomba kupitia ubalozi wa Thailand ulioko Nairobi. Ni ghali, ila ni njia safi.

Ipo pia hali ya mtu aliyeingia kwa viza ya utalii akapata shule. Uhamiaji wanaweza kuibadilisha kuwa Non-B kwa fomu ya TM.86 na baht 2,000, ilimradi siku zako za kukaa zimebaki 15 au zaidi. Ukifika na siku 12, umekosa. Ndiyo maana shule inayosema "njoo kwa utalii, tutabadilisha" inapaswa pia kukuambia itaanza lini, na karatasi za kuanzia ziko wapi sasa hivi.

Gharama za njia ya pili zijumlishe mapema: 1,900 za siku saba, kama 2,000 za viza ya kuingia mara moja, 3,100 za kibali cha kazi cha mwaka, 1,900 za nyongeza mpya. Hizo ni baht 8,900 kabla ya nauli, malazi na chakula cha siku za kungoja. Ongeza 1,000 za kibali cha kurudi kama utasafiri mwaka huo, unakaribia 10,000. Kwa mwalimu anayelipwa 25,000 au 30,000 si pesa ya kubahatisha. Uliza shule mpya itabeba zipi, na iandikwe.

Sasa shule ya zamani. Hapa ndipo mambo huenda mrama hata kwa aliyepanga vizuri, kwa sababu karatasi unazohitaji ziko mikononi mwa watu uliowaambia unaondoka. Unahitaji barua inayosema kazi yako ilianza lini na imeisha lini. Unahitaji barua ya kuwaarifu Uhamiaji. Unahitaji hati ya kodi iliyokatwa, inayoitwa kwa Kithai "50 tawi", kwa kuwa Uhamiaji watauliza kodi utakapoomba nyongeza inayofuata, na pia kwa sababu marejesho ya kodi ya mapato ya mwaka hutakiwa kufikia mwisho wa Machi. Na mwajiri anapaswa kuiarifu Idara ya Ajira ndani ya siku 15 kwamba umeacha. Mpya naye ana siku 15 za kuarifu kwamba umeanza, na wewe vilevile.

Tarehe ya kuacha kazi iwe moja kwenye barua zote. Hili linaonekana dogo. Barua ya shule ikisema tarehe 28, taarifa ya Idara ya Ajira ikisema 31, na wewe umekwenda Uhamiaji tarehe 31, afisa atachukua ya 28. Umeshapitiliza siku tatu bila kujua. Omba barua ziandaliwe wiki moja kabla, zisome, na kama huelewi Kithai mpe mtu anayekijua akusomee tarehe tu. Na jihadhari na mwaka: nyaraka za Kithai zinatumia mwaka wa Kibudha, unaozidi wa kwetu kwa 543. Palipoandikwa 31 Machi 2570 ni Machi 2027. Mtu akikosea tarakimu moja ya mwaka kwenye barua, hutagundua mpaka uko mbele ya dirisha.

Ikiwa shule ya zamani inakupiga danadana, leo mkuu hayupo, kesho muhuri umefungiwa, usigombane. Andika ombi lako kwa barua, lipeleke mkononi, mwombe aliyelipokea asaini kwenye nakala yako pamoja na tarehe. Kisha nenda na nakala hiyo kwenye ofisi ya Idara ya Ajira ya mkoa, ueleze kwamba mwisho wa kazi ni tarehe fulani na mwajiri ameshaarifiwa. Kama umeajiriwa na wakala au kituo cha lugha na mshahara wa mwisho umezuiwa, kuna ofisi ya ulinzi wa wafanyakazi katika kila mkoa, na sheria ya kazi inataka mshahara ulipwe ndani ya siku tatu baada ya ajira kusitishwa. Pasipoti yako usimwachie mtu. Shule inaihitaji kwa saa chache za kwenda ofisini, haihitaji kuifungia kabatini.

Notisi: sheria hiyo ya kazi inataka mzunguko mmoja wa malipo, yaani ukitoa taarifa siku ya mshahara au kabla yake, inaanza kufanya kazi siku ya mshahara unaofuata. Mikataba ya shule mara nyingi inadai siku 30 au 60. Fuata muda ulio mrefu zaidi. Lakini barua ya kuacha kazi isiondoke mkononi mwako kabla mkataba mpya haujasainiwa na pande zote mbili. Ujumbe wa simu unaosema "tunakuhitaji sana mwalimu" si mkataba. Usiache mbachao kwa msala upitao, na kwa mwalimu wa kigeni mbachao ndio ruhusa ya kuwepo nchini.

Upande wa Khurusapha una mitego yake. Mwalimu asiye na leseni kamili hufundisha kwa ruhusa ya muda ya miaka 2, na anayeiomba ni shule. Ukihama, shule mpya inaomba upya. Ile ya zamani huibebi mfukoni. Vituo vya lugha havihitaji ruhusa hii, kwa hiyo mwalimu anayetoka kituoni kwenda shule ya kawaida anakutana na Khurusapha kwa mara ya kwanza, na anashangaa kuombwa vitu ambavyo hakuwahi kuombwa: shahada halisi na si nakala, matokeo ya masomo yote ya chuo, hati ya polisi, na mara nyingi uthibitisho kutoka chuo chenyewe. Andika barua kwa msajili wa chuo chako miezi mitatu kabla. Vyuo vyetu haviharakishi majibu ya barua pepe kutoka Bangkok, na ndugu aliyeko Dar es Salaam au Eldoret anayeweza kwenda dirishani kwa msajili ana thamani kubwa kuliko barua pepe kumi.

Jina ni tatizo la kwetu hasa. Pasipoti inasema Amina Juma Salehe, shahada inasema Amina J. Saleh, hati ya polisi ina jina la ndoa. Kwa afisa wa Thailand hao ni watu watatu. Tengeneza hati ya kiapo nyumbani, igongwe muhuri Wizara ya Mambo ya Nje na ubalozini pamoja na shahada, kabla hujaondoka. Ukiwa Chiang Mai ndipo unagundua, itakugharimu wiki nyingi.

Hati ya polisi nayo: Kenya ni cheti cha mwenendo mwema cha DCI, kinachoombwa kwa eCitizen na kuchukuliwa alama za vidole, Uganda ni Interpol mjini Kampala, Tanzania ni Jeshi la Polisi. Ofisi nyingi hazitaki cha zamani, kwa hiyo usidhani kile ulichokuja nacho miaka miwili iliyopita kitafaa. Na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kile kijitabu cha njano, kitunze pamoja na pasipoti. Wanaotoka nchi zetu wanakionyesha kwenye dawati la afya kabla ya kufika Uhamiaji, na ukirudi kutoka likizo nyumbani utaombwa tena. Chanjo moja inatosha maisha yote, ila karatasi ikipotea utachanjwa upya, na lazima zipite siku 10.

Halafu kuna mtihani wa Kiingereza. Thailand inawahesabu kama wazawa wa lugha watu wa nchi chache, na Mkenya aliyesoma kila somo kwa Kiingereza tangu darasa la nne hayumo. Anaombwa TOEIC 600 au zaidi kati ya 990, au IELTS 5.5. Walimu wetu hupata alama hizo bila shida. Kinachowaumiza ni kwamba matokeo ya mitihani yote miwili yanahesabika kwa miaka 2. Umefanya mtihani mwaka ulipofika, umekaa shule ya kwanza miaka miwili na nusu, unahama: matokeo yameshakufa, na shule mpya inayataka wiki ijayo. Angalia tarehe ya cheti leo. Ikiwa kimebakiza chini ya miezi minne na una mawazo ya kuhama, weka nafasi ya mtihani sasa. Mwenye shahada ya ualimu, na zaidi aliyesajiliwa TSC, yaani tume ya walimu, asisitize hilo kwenye barua ya maombi, maana shule zinajua kwamba faili lake Khurusapha ni jepesi kulisukuma kuliko la mwenye shahada ya biashara.

Mambo madogo yanayosahaulika katikati ya kuhama ni mawili. Kuripoti Uhamiaji kila siku 90 kwa fomu ya TM.47 kunaendelea: dirisha linafunguka siku 15 kabla na kufungwa siku 7 baada, na ukichelewa ni baht 2,000. Ombi la kwanza la nyongeza huhesabiwa kama kuripoti, yanayofuata hayahesabiwi, wengi huchanganya. Na ukihamia nyumba mpya karibu na shule mpya, mwenye nyumba anatakiwa kuwapa Uhamiaji taarifa ya TM.30, kwamba unakaa kwake, ndani ya saa 24. Asipofanya, faini ni yake kisheria, baht 800 hadi 2,000, lakini ombi lako ndilo litakalorudishwa dirishani. Mwambie kabla ya kulipa kodi ya mwezi wa kwanza.

Kuhusu kuanza kufundisha kabla kibali hakijatoka: hapana. "Njoo tu uangalie darasa" hugeuka vipindi 20 kwa wiki. Faini ya mgeni anayefanya kazi bila kibali ni baht 5,000 hadi 50,000, anaondolewa nchini, na hapewi kibali kingine kwa miaka 2. Mwajiri anatozwa 10,000 hadi 100,000 kwa kila mtu, na mwajiri mkubwa anaweza kuilipa akasahau. Masomo ya Jumamosi kwenye kituo ambacho hakipo kwenye kibali chako yanahesabika vilevile, hata kama mwalimu mkuu wako anajua.

Na kupitiliza muda ni baht 500 kwa siku, ikifika 20,000 inasimama, yaani siku ya 40. Ukijipeleka mwenyewe uwanja wa ndege kabla ya siku 90 unalipa na kuondoka. Ukipitisha siku 90, hata ukijipeleka, unafungiwa mwaka mmoja. Ukipitisha mwaka, miaka 3. Lakini ukikamatwa mtaani, hata kama umepitiliza siku chache tu, ni miaka 5. Tofauti hiyo ya kujipeleka na kukamatwa ndiyo inayofanya kusubiri "labda shule itamaliza wiki ijayo" kuwa uamuzi mbaya. Kama umeshapitiliza, nenda.

Mawakala wana jambo moja la ziada. Mwajiri wako kwenye kibali ni wakala, lakini unafundisha kwenye shule fulani. Wakala akikuhamisha kutoka shule moja ya serikali kwenda nyingine katikati ya muhula, mwajiri hajabadilika ila mahali pamebadilika, na hilo linapaswa kuarifiwa. Wakala wengi hawafanyi. Maafisa wakija kukagua, wanatazama mahali uliposimama na mahali palipoandikwa. Omba kuona taarifa hiyo kabla ya siku ya kwanza kwenye shule mpya.

Siku utakapopewa muhuri mpya, usiondoke dirishani kabla hujasoma. Tahajia ya jina, namba ya pasipoti, tarehe ya mwisho. Kama pasipoti yako inakwisha kabla ya mkataba, utakuta tarehe imekatwa hapo pasipoti inapokwisha. Wakenya wana ubalozi Bangkok wa kuanzia, wengine waanze miezi mingi mapema. Kosa la tarakimu likionekana pale pale, afisa huyo huyo analirekebisha. Likionekana ukiwa umeshafika Khon Kaen, unarudi kwenye foleni.